Mbuzi katupa mimba baada ya sindano ya usingizi: je, ni ketamini?

MASWALI YA WASOMAJI: AFYA YA MIFUGO

Barua kadhaa za mwezi huu zimegusa jambo moja: dawa zinazozuia vipokezi vya glutameti, na habari kwamba zinaharibu mimba za wanyama. Tumezikusanya tukazijibu pamoja, tukianza na ile iliyotoka zizini.

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbuzi wa kienyeji, uzito kama kilo 35, mimba ya miezi minne. Aling'atwa na mbwa pajani. Mtaalamu alikuja kesho yake, akamlaza kwa zailazini na ketamini, akamshona, akamchoma antibiotiki na sindano ya kupunguza uvimbe. Siku ya tatu mbuzi akatupa mimba. Mpwa wangu aliyeko chuoni anasema ketamini inazuia vipokezi vya glutameti, na maabara wameshathibitisha kwamba dawa za namna hiyo zinaua mimba. Je, nimdai mtaalamu fidia? (Mfugaji, Kongwa)

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa hasara hiyo. Mpwa wako kasema kweli kuhusu namna dawa inavyofanya kazi. Hapo aliporuka hadi kwa mbuzi wako ndipo tunapotaka atulie kidogo.

Glutameti ni kemikali ambayo seli za ubongo na uti wa mgongo huitumia kuamshana. Seli inayopokea ina vipokezi, na kimoja kati ya hivyo kinaitwa NMDA. Kichukulie kama mlango wenye kizibo cha magnesiamu: ili kalsiamu ipite, lazima glutameti na glisini zishike mlango kwa pamoja, na seli iwe tayari imeamka kiasi cha kukitoa kizibo. Ketamini huingia ndani ya mlango uliofunguka na kukwama humo. Ndiyo maana mbuzi aliyepewa ketamini hulala macho wazi, huendelea kumeza mate, lakini hasikii maumivu ya sindano ya kushonea. Dawa hii huvuka kondo la nyuma baada ya dakika chache tu, kwa hiyo kijusi nacho hupata sehemu yake.

Lakini mimba ya mbuzi inashikiliwa na nini? Inashikiliwa na homoni ya projesteroni inayotoka kwenye mwili wa njano, ule uvimbe mdogo unaobaki kwenye kokwa la jike yai likishatoka. Kondoo husaidiwa na kondo la nyuma tangu kama siku ya 50 ya mimba. Ng'ombe husaidiwa hivyo baada ya mwezi wa sita hivi. Mbuzi hana msaada huo: anautegemea mwili wa njano siku zote 150. Ukivunjika leo, mimba hutoka kati ya siku moja na nusu na siku tatu zinazofuata. Sasa linganisha na siku zako. Kuvunja mwili wa njano ni kazi ya kemikali ya mwili iitwayo prostaglandini, na prostaglandini humwagika mwilini kwa sababu ya jeraha, usaha, sumu za bakteria na homa. Jino la mbwa linaingia na vyote hivyo, na mbuzi wako alikaa navyo hadi kesho yake kabla hajatibiwa.

Kwa hiyo mshukiwa wetu wa kwanza ni jeraha lenyewe. Wa pili ni zailazini. Dawa hii haina uhusiano wowote na glutameti: inashika vipokezi vingine kabisa, ambavyo pia vimo kwenye misuli ya mfuko wa uzazi, nayo huikaza misuli hiyo na kupunguza damu na oksijeni inayofika kwa kijusi. Maelekezo ya watengenezaji wake yanakataza kuitumia mimba ikiwa imekomaa. Wa tatu ni hiyo sindano ya kupunguza uvimbe. Ikiwa ilikuwa deksametasoni, hiyo ni homoni bandia inayofanana na ile ambayo kijusi chenyewe huitoa ili kuanzisha uzazi, na haifai kwa jike aliye katika theluthi ya mwisho ya mimba. Ketamini tunaiweka nyuma ya hizo zote.

Kuhusu fidia, anza kwa kumwuliza mtaalamu mambo mawili, tena kwa upole: sindano ya uvimbe iliitwaje, na zailazini alivuta kiasi gani? Hilo la pili lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mbuzi wa kilo 35 anahitaji zailazini miligramu 0.05 kwa kila kilo, yaani miligramu 1.75. Chupa ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita, kwa hiyo kiasi sahihi ni mililita 0.09 tu. Aliyevuta nusu mililita kwa mazoea amempa miligramu 10, karibu mara sita ya kipimo. Farasi huvumilia kiasi ambacho ni kama mara kumi ya kile cha ng'ombe. Mbuzi ni mwepesi kudhurika hata kuliko ng'ombe. Makosa mengi ya dawa hii huanzia hapo, kwenye bomba kubwa la sindano na mkono uliozoea ng'ombe.

Halafu kuna jambo ambalo huenda halihusiani na siku ile kabisa: ugonjwa wa kutupa mimba (bruselosi) au maambukizi mengine yaliyokuwa yamemo tayari kundini. Tumelieleza mwishoni.

SWALI: Mimi ni msaidizi wa mifugo. Mbuzi mwenye mimba kubwa akiumia, nifanyeje nimshone bila kuhatarisha mimba? (Manyoni)

JIBU: Anza na ganzi kabla ya kufikiria nusu kaputi. Kidonda cha paja hushonwa vizuri kwa lignokeini isiyo na adrenalini, mbuzi akiwa ameshikwa na mtu anayemfahamu, kichwa kimefunikwa kitambaa. Usizidishe miligramu 5 kwa kilo: kwa mbuzi wa kilo 35 ni miligramu 175, yaani mililita 8.75 za asilimia 2. Kidonda kikiwa kirefu, changanya nusu kwa nusu na maji ya chumvi ya sindano upate asilimia 1. Sasa una mililita 17 na ushee za kuzungusha pande zote, na kiasi cha dawa ni kile kile. Vuta kidogo kila unapochoma uone kama kuna damu. Mbuzi aliyezidishiwa lignokeini hutetemeka, hulia, kisha hushikwa na degedege. Wengi hudhani ni hofu wakaongeza dawa.

Ikibidi alale, hiyo ni kazi ya daktari. Tunapendelea diazepamu miligramu 0.25 kwa kilo ikifuatiwa na ketamini miligramu 5 kwa kilo, zote kwenye mshipa, taratibu. Kwa kilo 35 ni diazepamu mililita 1.75 za chupa ya miligramu 5 kwa mililita, na ketamini miligramu 175. Hapo soma lebo mara mbili: ketamini ya hospitali za binadamu mara nyingi ni miligramu 50 kwa mililita, ya mifugo ni 100. Ya kwanza utavuta mililita 3.5, ya pili 1.75. Utapata kama robo saa ya kufanya kazi. Ketamini haina dawa ya kuirudisha, kwa hiyo usimpe kwa kukisia.

Iwapo zailazini ndiyo pekee iliyopo na maisha ya mbuzi yako hatarini, izimue kwanza: mililita 1 ya asilimia 2 katika mililita 9 za maji ya sindano. Sasa kila mililita ina miligramu 2, na mbuzi wetu anapata mililita 0.9, kiasi ambacho bomba la kawaida linaweza kupima.

Kinachoua kijusi wakati wa usingizi mara nyingi ni ukosefu wa hewa na damu. Usimlaze jike mchali: mfuko wa uzazi wenye watoto hukandamiza mshipa mkuu wa damu inayorudi moyoni, presha ikashuka, na kondo likakosa damu. Mlaze kifudifudi, shingo iinuliwe kidogo na mdomo uelekee chini ili mate na cheuo vitoke nje. Tumbo la kushoto likianza kujaa gesi, malizia haraka umwinue. Na usimfungishe kula siku nzima kama inavyofanywa kwa mbuzi asiye na mimba. Mwenye mimba pacha ya miezi minne akikaa njaa muda mrefu, mwili huyeyusha mafuta yake hadi ini likashindwa, ukapoteza jike na watoto. Saa 12 zinatosha, na kwenye dharura usisubiri hata hizo.

SWALI: Nasoma sayansi ya wanyama, Morogoro. Nimesoma kwamba kwa panya vizuizi vya NMDA vinaweza kuzuia mimba isishike. Njia yake ni ipi, na kwa nini mnasema haihamii kwa mbuzi? (Mwanafunzi)

JIBU: Swali zuri, na jibu lake linafundisha tahadhari ambayo kila anayesoma tafiti za maabara anapaswa kuwa nayo.

Panya jike anapopandwa, msisimko kwenye shingo ya kizazi hupanda kwa neva hadi ubongoni, na sehemu moja inayoupokea ni amigdala ya kati. Hapo ubongo huandika kumbukumbu, nayo huamuru tezi ya pituitari imwage prolaktini mara mbili kila siku, usiku na mchana, kwa siku kama kumi. Prolaktini ndiyo inayolisha mwili wa njano wa panya mpaka kondo lichukue kazi. Kumbukumbu hiyo huandikwa kwa kutumia vipokezi vya NMDA. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukiziba vipokezi hivyo katika amigdala ya kati wakati wa kupandwa, ubongo hauandiki kitu: prolaktini haipandi, na mwili wa njano hufifia kana kwamba jike hakupandwa. Kizuizi hakikumgusa kiinitete hata kidogo. Kilichofutwa ni habari za tendo lenyewe.

Mbuzi, kondoo na ng'ombe hawategemei kumbukumbu hiyo. Kwao kiinitete chenyewe ndicho kinachopiga hodi, kwa protini iitwayo intaferoni tau: siku ya 12 au 13 kwa kondoo, siku ya 16 au 17 kwa ng'ombe. Protini hiyo huzuia mfuko wa uzazi usitoe prostaglandini. Mbwa ndiyo kabisa: mwili wake wa njano hudumu takriban muda ule ule awe na mimba au asiwe nayo. Kwa hiyo dawa ile ile, kipokezi kile kile, lakini mlolongo uliokatwa haupo kwa mnyama mwingine.

Unapopanga maandishi yako, tenganisha pia makundi matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni uzazi kuzuiwa kabla ya mimba: kwa panya jike dizosilpini, kizuizi cha NMDA ambacho maabara hukiita MK-801, huchelewesha kubalehe na huzuia mpando wa homoni inayopasua yai. La pili ni mimba kupotea. La tatu ni mtoto kuzaliwa hai lakini ubongo umedhurika. Hilo la tatu ndilo lenye ushahidi mzito zaidi. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba panya wa siku saba waliozibiwa vipokezi vya NMDA kwa saa kadhaa walipoteza seli nyingi za ubongo. Seli changa zikinyimwa mawasiliano hujiua. Baadaye hali hiyo ilionekana kwa vijusi vya tumbili rhesasi ambao mama zao walitiwa ketamini mfululizo kwa saa 24. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo kuhusu nusu kaputi inayorudiwa au inayozidi saa 3 kwa watoto chini ya miaka 3 na kwa wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho. Pima sasa: kumshona mbuzi ni robo saa.

Na usisahau upande wa pili. Kuvizidisha vipokezi vya glutameti kunaharibu mimba pia. Mwaka 1998 zaidi ya simba-bahari 400 walikufa katika pwani ya California baada ya kula samaki wenye asidi ya domoiki, sumu ya mwani wa baharini inayovisisimua vipokezi vya glutameti kupita kiasi. Simba-bahari wajawazito walionyweshwa sumu hiyo na bahari walitupa mimba na kuzaa njiti. Kwa hiyo sentensi ya kwamba "kizuizi cha glutameti hutoa mimba" ni fupi mno kwa jambo hili.

SWALI: Mimi ni muuguzi, Mombasa. Mama wajawazito huniuliza kuhusu dawa ya kikohozi yenye dekstrometofani, kwa sababu wamesoma kwamba iliua vifaranga ndani ya mayai. Niwajibu nini? (Msomaji)

JIBU: Utafiti upo, ulitolewa mwaka 1998 nchini Marekani. Dekstrometofani nayo ni kizuizi cha NMDA. Ilichomwa ndani ya mayai ya kuku siku tatu mfululizo, wakati ule mfereji wa neva unapojikunja na kufunga. Kwenye dozi kubwa viinitete vingi vilikufa, na baadhi ya vilivyobaki vilikuwa na kasoro za uti wa mgongo na uso. Ni matokeo ya kweli na yanaonyesha kwamba vipokezi hivi vina kazi mapema sana katika ujenzi wa mwili.

Ila yai halina mama. Dawa ikiingia humo haikutani na ini la mtu mzima, haitolewi kwa mkojo, haichujwi na kondo; inakaa pale pale kando ya kiinitete chenye uzito mdogo kuliko punje ya mchele. Mama anayekunywa miligramu 30, ini lake huvunja sehemu kubwa kabla haijafika kokote. Mwaka 2001 watafiti wa Toronto, Canada, waliwafuatilia wajawazito wasiofika 200 waliokuwa wameitumia, na kasoro za watoto hazikuzidi zile za kundi la kulinganisha. Waambie wasitumie dawa yoyote ya kikohozi bila ushauri, wasome kama chupa ina pombe au dawa nyingine zilizochanganywa, na aliyekwisha kuinywa kwa kipimo asikose usingizi kwa ajili ya yai la kuku.

Wewe muuguzi una mfano ulio karibu zaidi. Magnesiamu salfeti unayompa mama mwenye kifafa cha mimba, gramu 4 kwenye mshipa na gramu 5 kila tako, ni kizibo kile kile cha mlango wa NMDA. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2002, lenye wanawake zaidi ya 10,000, ilipunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Mfuko wa uzazi hulegea kwayo.

SWALI: Ivamektini nayo nasikia inagusa glutameti. Niache kuwapa ng'ombe wenye mimba? (Nakuru)

JIBU: Usiiache kwa sababu hiyo. Ivamektini hufungua milango ya kloridi inayoendeshwa na glutameti, na milango hiyo wanayo minyoo na wadudu; ng'ombe hana. Kipimo cha mililita 1 ya asilimia 1 kwa kilo 50, chini ya ngozi, hakijaonekana kudhuru mimba. Panya wa ukoo wa CF-1 waliozaa watoto wenye kaakaa lililopasuka walikuwa na upungufu wa kuzaliwa wa pampu inayoizuia dawa isivuke kondo na kuingia ubongoni. Tatizo la ivamektini kwa ng'ombe wa maziwa ni mabaki kwenye maziwa, fuata lebo. Dawa ya minyoo ya kuogopa kwenye mimba changa ni albendazoli: usiwape ng'ombe katika siku 45 za kwanza, wala kondoo katika siku 30 za kwanza.

SWALI: Nafuga mbwa wa uzazi, Nairobi. Jike akihitaji upasuaji wa kuzaa, ketamini inafaa? (Msomaji)

JIBU: Kuna bora zaidi. Tafiti za upasuaji wa mbwa huko Amerika Kaskazini zilionyesha kwamba watoto waliotolewa baada ya ketamini walikuwa wazito kuchangamka na kulia, na baada ya zailazini wengi zaidi walikufa. Mwombe daktari aanze na propofoli, aendelee na gesi ya isoflureni, na oksijeni ya barakoa ianze dakika tano kabla ya dawa yoyote. Akichoma ganzi ya uti wa mgongo, apunguze kipimo kwa kama robo, kwa sababu mishipa iliyovimba ya jike mwenye mimba hubana nafasi ya dawa. Jike anyolewe manyoya ya tumbo kabla hajalazwa. Kila dakika inayopungua kati ya usingizi na mtoto wa mwisho ni faida.

SWALI: Mimba imeshatoka. Nichukue nini nipeleke maabara? (Wasomaji watatu, akiwemo tena wa Kongwa)

JIBU: Kwanza mikono. Usishike kijusi wala kondo bila glavu, hata mfuko safi wa plastiki uliofungwa mkononi ni afadhali. Mjamzito asisogee karibu. Ugonjwa wa kutupa mimba, homa ya Q, klamidia na Homa ya Bonde la Ufa vyote huhamia kwa binadamu kupitia maji maji hayo. Hiyo ya mwisho iliikumba Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007 baada ya mvua kubwa. Ikiingia kundini, karibu kila jike mwenye mimba hutupa, na watoto wachanga hufa kwa wingi. Mbuzi mmoja aliyetupa baada ya kung'atwa na mbwa hafanani na picha hiyo. Wakiwa wawili au watatu kwa mwezi, sahau ketamini na umwite afisa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa maabara: kijusi kizima kama kinaingia kwenye ndoo yenye kifuniko, pamoja na kondo lenye vifundo vyake. Kisipoingia, daktari avute kwa sindano safi mililita 3 hadi 5 za maji ya tumbo la kijusi, akate vipande vya ini, mapafu na bandama, kila kimoja kwenye chombo chake. Weka juu ya barafu, usigandishe, vifike ndani ya saa 24. Vipande vingine vya unene wa kidole cha mwisho viingie kwenye fomalini ya asilimia 10, fomalini ikizidi nyama mara kumi. Damu ya mama ichukuliwe sasa, na tena baada ya wiki mbili au tatu: kingamwili zikipanda kati ya damu ya kwanza na ya pili, ndipo maabara huweza kusema maambukizi ni mapya. Mfugaji wa Kongwa, Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Dodoma. Andika kwenye karatasi umri wa mimba, tarehe ya kung'atwa, tarehe ya sindano, na majina ya dawa zote na vipimo vyake. Kilichobaki kichomwe au kifukiwe kina cha mita moja na ushee, mbwa wasikifukue. Maziwa ya jike huyo yachemshwe mpaka yapande, au yamwagwe, hadi majibu yarudi.